Nilichofagia Kabla ya Mvua

Na tena si kweli, Somoe. Nimelifikiria neno lako tangu jana, nimelala nalo, nimeamka nalo, nimekwenda nalo bombani na kurudi nalo, na bado nasema si kweli. Ulikuwa unakunja kanga zako, mimi nachambua mchele, ukasema bila kuinua uso, "Mama, wewe sasa una kwako. Na mimi naenda kutafuta kwangu." Kisha ukaendelea kukunja, kama mtu aliyesema kesho kutakuwa na jua. Mimi nikajifanya natafuta mawe kwenye ungo. Mchele wenyewe haukuwa na jiwe hata moja.

Majibu yangu mazuri huja yakiwa yamechelewa, unanijua. Ndiyo maana leo, baada ya alasiri, wewe umetoka kwenda kuaga majirani, mimi nimechukua karatasi na kukaa barazani. Kesho gari la asubuhi litakuteremsha Lulindi kwenye kazi yako ya kwanza, kwa wale watoto wa chekechea watakaokufutia makamasi kwenye sketi, na sitaki uteremke na neno lile likiwa la mwisho kati yetu.

Sitaandika habari za kufunga mlango, kuchemsha maji ya kunywa na vijana wa pikipiki. Hayo kungwi wako alikufunda, nami nimeyarudia mpaka umeyakinai. Nitaandika habari za bustani. Cheka tu. Najua utasema, "Mama ameishiwa maneno." Lakini uliniambia chumba walichokupa kina uwanja nyuma, mtupu, wa kichanga, una mpapai mmoja uliokonda, na wakati wenyewe ndio huu. Joto limetukaba koo, mawingu yanakuja kila mchana yanatutazama kisha yanakwenda zake, na watu wote wanaulizana, "Kwenu imenyesha?" Anayezikosa siku hizi za kutayarisha, mvua ikimwagika yeye ananunua mchicha sokoni mpaka mwaka uishe. Kwa hiyo nivumilie nikichanganya mambo. Leo sijatulia. Nimeshainuka kwenda kuangalia kitalu cha nyanya, nikarudi, nikainuka tena kwenda kukiangalia kilekile, kana kwamba nyanya zina haraka kama mimi.

Haraka. Ngoja nianzie hapo.

Nilipoolewa na baba yako kule Lupaso nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilidhani najua kila kitu. Mama yangu alinipa kibuyu cha mbegu: bamia, mchicha, maboga, kunde, na mbegu za maua mekundu ambayo sikuwahi kulijua jina lake. Siku moja ya joto kama hili la leo, mvua ikashuka mchana, kubwa, yenye kelele, udongo ukanukia hata nikataka kuula. Baba yako alikuwa mlangoni. Akasema, "Mama, ngoja kwanza." Aliniita mama kabla hata hujazaliwa, ndivyo alivyokuwa. Mimi ningoje nini? Kesho yake nilimaliza kibuyu chote. Vyote viliota, Somoe, vilikuwa vizuri kama vifaranga, nikawaita majirani waje waone. Halafu jua likarudi na mvua haikurudi. Nilisimama pale nikitazama vitoto vyangu vikigeuka kamba.

Baba yako hakuniambia, "Nilikuambia." Alikwenda kwa dada yake, akarudi jioni ameshika kofia yake mikononi kama amebeba mayai. Ndani yake mlikuwa na mbegu. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya ndoa. Nakuandikia haya kwa sababu wewe ulikuwa darasa la pili alipokufa, na unamkumbuka akiwa mgonjwa zaidi ya unavyomkumbuka akiwa na kofia ya mbegu.

Basi hapo Lulindi mvua ya kwanza ikija, iache ipite. Ifurahie, kinga maji, ogea ukitaka. Ikija nyingine, nenda uani, chimba kwa mkono mpaka kifundo cha mkono kizame, shika udongo wa chini, ukamue. Ukishikana, panda. Ukimwagika kati ya vidole, rudi ndani ukachonge penseli za watoto. Ningekuwa na akili hiyo mapema ningejiepushia mengi, maana haraka yangu haikuishia kwenye bamia.

Nilikuambia kwa simu kwamba naolewa. Ninapoandika sentensi hii masikio yananiwaka. Ulikuwa chuoni, mitihani mlangoni, nami nilikuwa na furaha iliyonijaa mpaka kooni, sikuweza kulala nayo. Nikapiga. Ukaitika, "Shikamoo mama." Nikasema, "Marahaba mwanangu, naolewa!" na simu ikakata. Salio limekwisha. Duka la vocha lilikuwa limefungwa, wenyewe wamekwenda msibani, na mimi nikabaki nimeishika simu naiangalia kama kuku aliyekufa ghafla. Ulikaa na neno moja mpaka kesho yake. Nilipokupata ulisema, "Hongera mama. Ni nani?" Mimi nikaanza kumsifu, nikamsifu mpaka salio likaisha tena, na sikukuuliza wewe umeamkaje.

Ndiyo, nilimsifu, na ninamsifu mpaka leo. Najua unavyonitania. Nikianza tu unamwambia Mama Fatu wa jirani, "Haya, redio imewashwa." Lakini nifanyeje? Mume wangu. Acha niliandike tena kwa sababu barua ni yangu: mume wangu. Miaka yote ile nilikuwa nalala katikati ya kitanda kama mtu anayelinda mpaka wa shamba, na sasa kuna mtu anayeniuliza, "Umekula? Umekula nini?" Mtu mzima, fundi cherehani, mvi kichwani, anatembea bustanini na futi yake shingoni, anapima nafasi kati ya mche na mche, anavuta uzi wa kushonea kutoka kijiti hadi kijiti ili mstari usipinde. Wewe mwenyewe ulicheka siku ya kwanza ukasema bustani hii imepigwa pindo. Jioni akimwagilia ananiimbia vibaya sana, sauti kama bawaba, na mimi najificha jikoni nisionekane ninavyotabasamu. Nina umri huu, Somoe! Nilidhani haya ni ya wasichana. Kumbe Mungu alikuwa ameyaweka tu mahali pa juu nisipopafikia.

Amepita hapa sasa hivi. Ameniuliza, "Unamwandikia nani kurasa zote hizo?"

Nikamwambia, "Mchumba wangu wa zamani."

"Mwambie suruali yake iko tayari," akasema, akaenda zake. Unaona? Unamwona alivyo?

Lakini nilitaka kukueleza siku aliyoninunia. Hukuwepo, ulikuwa bado Masasi kwa shangazi yako unasubiri majibu ya mitihani. Ndizo zilikuwa siku zangu za mwanzo hapa Newala, bado nanukia udi wa harusi. Yeye ameenda dukani kwake sokoni, mimi nimebaki peke yangu na nyumba, nikatoka nyuma kutazama bustani ambayo alikuwa akijigamba nayo. Nikaona aibu. Matuta yote yamefunikwa: nyasi kavu, majani ya mkorosho, maganda ya karanga, hata majani ya migomba, kama mtu amemwaga takataka akasahau kurudi. Nyanya na bilinganya zinachungulia katikati ya uchafu. Nikasema moyoni, maskini, ndivyo mwanaume anavyokaa bila mke.

Unajua mimi nimelelewaje. Kwetu, msimu wa korosho ukikaribia, chini ya kila mkorosho panafagiliwa mpaka pawe peupe kama mkeka, ili korosho ikidondoka ionekane. Bibi yako alikuwa akipita na kijiti. Akikuta jani moja chini ya mti uliofagia wewe, unarudi kuanza upya. Uwanja mchafu ni aibu ya mwanamke, ndivyo tulivyoambiwa, na mimi niliyameza maneno hayo yote bila kutafuna. Basi nikachukua ufagio. Nilifagia tuta baada ya tuta, nikakusanya kila kitu kwenye kona, nikakitia moto. Moshi ukapanda. Mama Fatu akachungulia juu ya uzio, ndiyo mara ya kwanza tunaonana vizuri, akasema, "Bi harusi, unatafuta korosho kwenye nyanya?"

Nikacheka. Sikuelewa ananiambia nini. Nikamwagilia ndoo nzima juu ya ule udongo mwekundu msafi, nikaenda kuoga, nikajipaka mafuta, nikakaa barazani nikingoja kusifiwa.

Alirudi, akazunguka nyuma. Nikamfuata. Alikuwa amechutama, kiganja chake kiko juu ya tuta.

"Nani amepita hapa?"

"Mimi," nikasema, nimejaa tabasamu.

"Mama Somoe," akasema polepole, "umefagia mpaka maji."

Nikamwambia kwetu hatukai na takataka uani. Akanijibu kwamba hapa juu tuta likiwa uchi, jua linakunywa kabla ya mche. Hakupaza sauti. Akachukua baiskeli akaenda kutafuta nyasi, akarudi giza linaingia na mzigo mdogo, maana nyasi zenyewe zilikuwa zimechomwa kila mahali. Halafu akanuna. Usidhani ni malaika. Mume wangu hununa, na hununa kwa kushona. Cherehani ilikimbia jioni yote kama gari moshi, mimi nimekaa upande wa pili wa ukuta nikiisikiliza. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba yale maji aliyaleta kwenye baiskeli, madumu mawili mawili, kiangazi chote, na ule uchafu ndio uliokuwa umeyashika. Wiki haikuisha nyanya zikainama kama wanafunzi waliochapwa. Tuliokoa chache.

Kwa hiyo, mwanangu, hapo kwako kichanga kitakunywa maji kuliko udongo wetu huu. Ng'oa magugu sasa, na mizizi yake, kabla hayajazaa mbegu, lakini majani makavu usiyachome hata jirani akikucheka. Yalaze juu ya tuta. Acha nafasi kidogo kuzunguka shina la mche, maana mchwa wanapenda kujificha hapo, tia jivu. Samadi omba ya mbuzi, iliyokaa muda, isiyonuka tena; mbichi inaunguza. Kitalu kiweke karibu na mlango, mahali unapopita kila siku, kwa sababu kitu cha mbali kinasahaulika hata kama unakipenda. Kijengee paa dogo la nyasi, kisha miche ikipata nguvu uwe unapunguza nyasi kidogo kidogo, isishtushwe na jua siku moja. Zungushia miti na miiba mapema. Kuku wa jirani hangoji kualikwa.

Nimeinuka tena. Upepo ulitaka kuchukua karatasi ya pili, nikaikimbiza mpaka kwenye uzio. Wingu limesimama upande wa bondeni, jeusi, limejaa, halisemi lolote. Bado hujarudi. Nasikia mtu anacheka kwa Mama Fatu na nadhani ni wewe. Kule unacheka.

Nasogea polepole kuelekea mahali ninapopaogopa. Basi nipafikie.

Siku ile Fundi alipochukua baiskeli kwenda kutafuta nyasi, mimi nilibaki nimesimama juu ya lile tuta jekundu, safi, na kitu kikanipiga kifuani: nimeshaufanya usafi huu mahali pengine. Niliuona uwanja wetu wa Lupaso. Nilikuona wewe.

Ilikuwa wiki ya harusi. Ulishuka kwenye bodaboda na sanduku lako, ukaniamkia, ukanikumbatia, ukazunguka nyuma kwenda kunawa miguu bafuni. Ukarudi na miguu yenye vumbi vilevile.

"Mama, maua yako wapi?"

"Maua gani?"

"Ya bafuni."

"Aa, yale! Yalikuwa yanaficha nyoka tu. Wageni ni wengi, tunataka mahali pa kupikia. Newala kuna maua, utachoka mwenyewe."

"Sawa," ukasema.

Sawa yako ile! Mimi nikaisikia kama sawa ya kweli, nikakupa vitunguu umenye.

Nilijua ni maua gani. Sitakuandikia kwamba sikujua. Ni yale mekundu ya majani mapana, uzao wa zile mbegu za kofia, ambayo baba yako aliyapanda na wewe pale maji ya kuogea yanapotokea. Alichimba yeye, akakuambia ufukie kwa miguu, ukawa unarukaruka juu ya udongo na yeye anapiga makofi. Ulikuwa mfupi hata majani yalipokua ulisimama chini yake kama chini ya mwavuli. Alipokufa, hakuna aliyekutuma, lakini kila jioni ulibakiza maji kwenye ndoo yako ya kuoga ukayamwaga pale. Mpaka ulipokwenda bweni. Na ukirudi likizo, jioni ya kwanza, kabla ya chakula, maji. Nilikuwa nakuona kupitia dirisha la jikoni, mwaka baada ya mwaka, na sikuwahi kukuuliza, kwa sababu niliona ni lako na baba yako.

Na wiki ile niliwapa vijana mapanga, wakayafyeka, wakang'oa mpaka mashina, nikafagia juu yake. Sikufanya hivyo ili kumsahau baba yako. Nataka uliamini hilo hata kama huamini lingine. Nilikuwa na furaha tu, Somoe. Nilitaka uwanja upendeze, watu wa Newala wakija kunichukua wasikute jani. Furaha nayo ina ufagio wake, inapita haraka, haiangalii chini. Nilivyoweza kuolewa bila kukuuliza umeamkaje, ndivyo nilivyoweza kufagia pale bila kukuita.

Mwezi uliopita nilipokuaga kwamba nakwenda Lupaso kumwona bibi yako mgonjwa, nilimwona kweli, lakini nilipitia nyumbani kwetu kwa zamani pia. Nilitaka kutafuta shina, hata kipande. Nilikuwa nimebeba gunia bichi la kukifungia, nimeshajiona ninavyokukabidhi, umelia, mimi nimelia, yamekwisha. Wapangaji tuliowaachia nyumba wamejenga jiko pale. Sakafu ya saruji. Mama mpangaji alinikaribisha vizuri sana, akanipa ming'oko iliyochimbwa porini siku hiyohiyo, nikakaa juu ya kigoda jikoni mwake, na nadhani kigoda kilikuwa juu ya mahali penyewe. Nilikula ming'oko nikasifu jiko. Kwa hiyo sina cha kukurudishia. Naandika hivi ili usije ukakiona kimya changu ukadhani sijali, na usije ukangoja kitu ambacho hakipo.

Lakini kwa kuolewa siombi radhi. Lazima niseme na hili, maana nikiliacha nitakuwa nimekudanganya. Nakuomba radhi kwa simu, kwa maua, kwa kitunguu nilichokupa umenye wakati ulitaka kulia kwa sababu nyingine. Kwa kumpenda Fundi, hapana. Nampenda. Nilipofiwa nilikuwa kijana, na nilikaa peke yangu mpaka nikajisahau kwamba naweza kuchekeshwa. Huhitaji kumwita baba. Mwite Fundi, kama mteja aliyeleta sketi kupunguzwa. Yeye mwenyewe ameniambia jina linamtosha. Juzi aliniuliza, "Dirisha la chumba chake cha huko Lulindi lina upana gani?" Nikamwambia, "Muulize mwenyewe." Akashika futi yake, akafika mpaka mlangoni kwako, akasimama, akageuka. "Ataona naingilia," akasema. Mtu anayepima mabega ya wakuu wa wilaya bila kutetemeka! Basi amekisia. Pazia liko chini kabisa ya begi lako, la kijani. Alitaka niseme nimelinunua sokoni, lakini mshono wake nani hapa Newala asiyeujua? Likiwa fupi, ni kwa sababu aliogopa. Litundike au lifanye kitambaa cha meza, hatakuuliza.

Sasa neno lako la jana. Nilianza kuandika nikiwa na hakika si kweli, na kurasa hizi zote nimekuwa nikilisukuma kama mtu anayesukuma mbuzi mlangoni. Sasa nadhani nusu yake ni kweli. Mimi nina kwangu. Nilikuja hapa kwa miguu yangu, nikicheka. Na wewe kwenu kwa zamani kuna wapangaji na jiko la saruji, na hapa umekaa miezi hii kama mgeni mwenye adabu, unaosha kikombe chako mara tu ukimaliza kunywa. Nilikiona kile kikombe. Kila siku nilikiona kimeoshwa kimefunikwa, nikasema moyoni, mtoto msafi. Mama anayependa sana usafi hukosea mengi.

Nusu isiyo kweli ni hii: ulisema kana kwamba mmoja akishakuwa na kwake, mwingine hana mahali kwa mwenzake. Mimi sijui kuishi hivyo. Sijawahi kuwa mtu mzima bila wewe. Nikikohoa usiku bado nakohoa taratibu nisikuamshe, na huyu mume wangu mzuri ananiuliza, "Unamwogopa nani?"

Nilitaka kukufungia vipandikizi vya asumini wa dirishani kwetu. Nilishavikata, nimevifunga kwa kitambaa kibichi, vizuri, vinanukia. Halafu nikavifungua nikavichomeka hapahapa kwenye kopo. Uwanja ule ni wako wa kwanza. Panda maua unayoyataka wewe, au usipande hata moja, panda bamia tupu mpaka mlangoni. Ukitaka asumini utaniambia. Na kama siku moja utayaona yale mekundu uani kwa mtu, Lulindi au Lukuledi au popote, usione haya, omba shina. Watu huyagawa. Sijui jina lake la kuombea. Elekeza tu kwa kidole.

Nakusikia unakuja. Unaagana na Mama Fatu getini na yeye anakuambia usiolewe huko na mwalimu mkuu, na wewe unamjibu, "Mwalimu mkuu ni sista, mama." Nina dakika chache tu.

Nitakuja Lulindi kabla mwezi huu haujaisha. Fundi anataka tuje wote, ameshatafuta shati, lakini nimemwambia safari ya kwanza ni ya kwangu na mwanangu, naye amekubali, baada ya kushona kidogo. Sitakupigia simu njiani kukuuliza umepika nini. Sitaingia kwa kuzungukia nyuma kama nilivyozoea kuingia kila mahali ulipo. Nitasimama mbele ya mlango wako, nitapiga hodi kama mtu mwingine yeyote, na sitagusa kitasa mpaka nisikie sauti yako ikisema karibu. Ukiwa darasani, nitakaa kizingitini. Ukiwa ndani na bado hujaamua, nitakaa kizingitini vilevile. Kisha utanionyesha pa kukaa, nami nitakaa hapo hapo utakaponionyesha.

Kabla mwezi haujaisha, Somoe. Nitakuja.

Mama yako